Fundi Aliyepima Ukuta Kwanza

Kama uliwahi kucheza gemu za kompyuta Newala miaka ile ya soko huria, wakati kompyuta zilizotumika zilipoanza kushushwa kwenye mabasi ya Dar pamoja na marobota ya mitumba, basi umefaidi kazi ya Fundi hata kama hukuwahi kumwona. Chumba changu cha gemu kilikuwa nyuma ya soko, mlango wa bluu, na kilisimama kwa sababu yake. Mimi ndiye Somoe mwenyewe. Watoto wa watu waliniita Anti Gemu, na leo wengine wana watoto wao na bado wananiita hivyo hivyo. Naomba niseme mapema, nisije nikaonekana namsifu mtu kwa kujipendekeza: mzee huyu nilimkosea mbele ya wateja wake, nikamharibia jina, kisha nikagundua kosa lilikuwa langu na nikakaa kimya miaka na miaka. Ndiyo maana namwandika.

Jina lake nalijua. Silitaji kwa sababu hakuna aliyelitumia. Kule Masasi alikofanyia kazi kulikuwa na fundi redio, fundi saa, fundi cherehani, lakini ukisema Fundi tu, mtu alikuelekeza mtaa wa Mkomaindo, kwenye kibanda chenye mlango uliokatwa nusu, kipande cha juu kikiwa wazi na cha chini kimefungwa kwa komeo. Wateja tulisimama nje tukiegemea ile nusu ya chini. Ndani aliingia yeye na mashine zilizokufa.

Alikuwa na tabia ya kunusa. Hili wote waliomfahamu watakuambia. Ukimpa kifaa chochote, hakukiangalia kwanza, alikipeleka puani, akafumba macho, akavuta pumzi taratibu. Kilichoungua alikijua. Kilicholowana kikakaushwa juani alikijua. Kompyuta iliyokaa jikoni aliijua, na aliwahi kumwambia mama mmoja kwamba redio yake imekaa karibu na dagaa, yule mama akaona haya mpaka akajifunika ushungi. Sisi vijana tulimcheka. Kucheka kwenyewe ni mgongoni kwake, usoni hakuna aliyethubutu.

Nilikwenda kwake mara ya kwanza na pesa ya korosho ya mama. Msimu ule wanunuzi binafsi walifika mpaka mlangoni kwetu na bei ikawa nzuri. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama angeweza kununua bati, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa inavuja, lakini mimi nilikuwa nimemwimbia habari ya chumba cha gemu mwaka mzima, akachoka. Akanipa. Akaniambia hii ndiyo ya kwanza na ya mwisho, nikiipoteza nirudi shambani nishike jembe, nisimlaumu mtu. Mama hakuwa mtu wa kurudia neno.

Kwa asiyejua mambo haya: kompyuta ya kuandikia barua inaandika barua vizuri tu, lakini ukiiwekea gemu ya mpira, wachezaji wanatembea kwa kukwamakwama, mpira unaruka nusu unapotea. Inakosa kadi ya picha, na ile iliyotumika niliyokuwa nayo tayari ilikuwa ya aina hiyo. Kadi yenyewe ni kibao chembamba chenye feni, kinachomekwa ndani ya mashine, na kazi yake ni kuchora kile unachokiona kwenye kioo. Ndicho kifaa kilichokuwa ghali kuliko vyote, na hapo ndipo watu wengi walipoliwa pesa zao.

Mimi nilikuwa na kikaratasi. Nilikuwa nimeandika jina la kadi niliyoiona kwenye duka moja pale mjini, feni mbili, boksi lina picha ya joka linatema moto. Jamani, nililipenda lile boksi. Fundi akakisoma kikaratasi, akakikunja mara mbili, akanirudishia. Akaniuliza kioo changu kina ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akauliza watoto wa kwetu wanapenda kucheza nini, nikasema mpira na magari. Kisha akauliza umeme wa kwetu saa moja jioni ukoje.

"Umeme upo, Fundi," nikamjibu.

"Kuwepo upo," akasema. "Hata maji Newala yapo. Yako bondeni."

Yeye Myao wa Chiwata, mimi Mmakonde wa Newala, utani tunaruhusiwa, kwa hiyo nilicheka hata kama hakunifurahisha. Mtu aliyewahi kushuka bonde na ndoo hapendi kukumbushwa na mtu wa bondeni. Lakini hakuwa anatania tu. Alitoa mita yake ndogo ya kupimia umeme, akanifundisha kuishika, akaniambia nirudi Newala, nipime tundu la ukutani kwenye chumba nilichopanga, jioni tatu mfululizo, taa za mji mzima zikiwa zimewaka na mashine ya kusaga ya jirani ikiwa inanguruma. Niandike. Nikirudi na namba ndipo tuzungumze kadi.

Nilikasirika. Nauli ya kwenda na kurudi si ya kuchezea, na barabara ile ya kupanda kwetu ilikuwa inamtikisa mtu mpaka meno. Nilitaka kwenda moja kwa moja kununua joka langu. Kilichonizuia ni ile mita. Mtu ambaye hanijui, hajui kwetu, kanipa kifaa chake cha kazi niondoke nacho bila kuandikishana. Nikaona aibu kutorudi.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi na kila mtu. Alianzia ukutani. Kutoka ukutani alikwenda kwenye pawa saplai, lile boksi la ndani linalogawa umeme kwenye mashine, akatoka hapo akaenda kwenye kioo, akaenda kwenye gemu zenyewe, na kadi ikaja mwisho kabisa, ingawa ndiyo iliyokuleta. Wengi walichoka njiani. Walitaka mtu wa kuwaambia nunua hii, na Fundi hakuwa mtu wa hivyo. Alikuwa anakuuliza mpaka unajisikia mjinga, kisha anakutuma kazi.

Nilirudi na kompyuta yangu, na namba zangu kwenye daftari. Akazitazama, akapiga mluzi. Umeme wa kwetu jioni ulikuwa unashuka kama mtu anayesinzia, unashtuka, unapanda ghafla, unashuka tena. Akaniambia lile joka lingekufa kwangu ndani ya wiki. Lingetaka umeme mwingi kuliko ambao ukuta wangu na pawa saplai yangu vingeweza kutoa, na hata kama lingeishi, kioo changu kilikuwa kidogo, nisingeona tofauti. Akaigawa pesa ya mama kwa maneno: kwanza stabilaiza ya kutuliza umeme, pili pawa saplai ya kueleweka, na kitakachobaki ndicho cha kadi. Kilichobaki kilikuwa kidogo, nikahisi machozi.

Akatoa kadi nne zilizotumika kutoka kwenye boksi la viatu. Akazinusa moja moja. Ya kwanza akaitupa pembeni, ya pili akaitupa, ya tatu akaigeuza akainusa tena, akaipachika kwenye mashine yake, akawasha gemu ya magari, tukaiangalia ikikimbia muda mrefu, yeye akiweka kidole kwenye chuma chake kusikia joto. Ilikuwa na feni moja, sura mbaya, na mkwaruzo mrefu ubavuni. Hiyo ndiyo akanipa. Ya nne hakuigusa tena.

Nilimsimanga moyoni njia nzima. Lakini mwenye duka la jezi jirani yangu pale sokoni, ambaye alikuwa na pesa na alitaka kunishinda, alikwenda kununua lile joka. Alifungua chumba chake kwa mbwembwe, na soda za bure. Haikupita wiki, likatoa moshi jioni moja mashine ya kusaga ilipozimwa, na watu wakatoka mbio wamebeba viatu mkononi. Akarudi kwenye jezi.

Sasa nisije nikamfanya Fundi malaika. Alikuwa na ulimi. Mteja akilia bei, alimwambia kwa upole kabisa kwamba pale Masasi kuna miti mingi, akakae chini ya mmoja afikirie upya. Alikuwa anasahau kula na akikumbushwa anakasirika. Alituhubiria kubana matumizi, kununua kinachotosha tu, halafu yeye mwenyewe alivaa viatu vya ngozi vya gharama ambavyo alivifuta vumbi jekundu kila nusu saa. Alitengeneza umeme wa watu mchana kutwa na nyumbani kwake alitumia kandili. Nilipomuuliza kwa nini, akasema anaujua umeme vizuri mno kulala nao nyumba moja.

Na gemu. Alizidharau kwa mdomo, akaziita upuuzi wa watu waliokosa palizi. Lakini akishaswali Alasiri alikuwa anafunga na ile nusu ya juu ya mlango, na ukipita nje unasikia anamgombeza golikipa kwa Kiyao. Alichagua timu dhaifu kuliko zote, siku zote, na alifungwa siku zote. Mashine aliyochezea ndiyo ilikuwa na kadi nzuri kuliko kadi yoyote iliyowahi kupita kibandani pale. Aliijenga mwenyewe kutoka kwenye mbili zilizokufa. Watu walimbembeleza auze, akakataa, na hiyo ndiyo anasa pekee niliyomjua nayo ukiacha viatu.

Haya, sasa nifike kwenye kosa langu.

Fundi hakuruhusu kadi isafiri ndani ya mashine. Alisema barabara ya Newala itaing'oa. Aliichomoa, akaizungushia kitambaa, akanipa niishike mapajani, akanifundisha kuichomeka mwenyewe. Akanisisitiza niichomeke siku hiyo hiyo nikifika, nisiiache ikizurura. Lakini nilipofika, chumba kilikuwa hakijawekewa mlango. Seremala alikuwa amekula siku zangu. Mashine niliihifadhi kwa fundi cherehani jirani na soko, dude kubwa lile nani atalibeba. Kadi niliogopa wezi. Nikaiweka kwenye kopo la maziwa la bati, pamoja na hereni zangu za fedha, nikalifungia kwenye stoo ya mama.

Stoo ya mama ilikuwa chumba pekee chenye kufuli la maana. Mle mama aliweka salfa, ule unga wa manjano tunaopulizia mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiri. Mifuko ilikuwa imebaki msimu uliopita, mmoja umefunguliwa mdomo. Mama alinikataza tangu nikiwa mdogo kuweka kitu chochote mle. Salfa inakula vitu, alisema, imekula mpaka bawaba za mlango. Nilimsikia maisha yangu yote, na bado nikaweka, kwa kuwa nilifikiri ni siku mbili tatu. Seremala akachukua miezi miwili, na yote ilikuwa ya masika. Kopo lenyewe halikuwa na mfuniko wa kukaza.

Mlango ulipowekwa nikaleta mashine, nikaichomeka kadi kama nilivyofundishwa. Kioo kikabaki cheusi. Nikachomoa nikachomeka tena, cheusi. Mama alikuwa amekuja kuona chumba chetu kinafunguliwa, amevaa kitenge kipya. Akaniangalia, akauliza bati letu liko wapi sasa. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Kesho yake tulipanda gari pamoja mpaka Masasi. Njiani mama alinipa mgongo akatazama nje, na mimi woga ukageuka hasira, na hasira ikamtafuta Fundi. Siku hiyo kibandani walikuwapo watu wengi, walimu, mwenye hoteli, watu wa kutoka vijijini na redio zao. Nikamwekea kadi juu ya ile nusu ya mlango, sikumwamkia, na nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Fundi, umemuuzia mama yangu mzoga."

Watu wakageuka. Fundi akaichukua kadi, akaipeleka puani kama kawaida yake, akafumba macho. Akavuta pumzi mara ya pili. Alipofumbua, aliniangalia mimi, kisha akamwangalia mama aliyekuwa amesimama nyuma yangu amekunja mikono. Akamwamkia mama kwa heshima.

"Mama Somoe," akasema, "huenda niliikosea hii. Niwieni radhi."

Akaingia ndani. Akafungua mashine yake mwenyewe, ile ya Alasiri, akachomoa ile kadi yake, akaizungushia kitambaa, akaja akampa mama mkononi. Mimi hakunipa. Tukaondoka nayo, na nyuma yetu nikamsikia mwenye hoteli akimwambia mtu kwamba kumbe hata Fundi naye anauza vibovu siku hizi. Neno hilo lilifika Newala kabla ya jioni, na miezi iliyofuata nilisikia watu wakisema afadhali kwenda Mtwara mjini. Mimi ndiye niliyelianzisha.

Chumba kikafunguka. Kadi ile haikuwahi kunisumbua. Watoto walipanga foleni mpaka kwenye mabanda ya nyanya, na baada ya msimu mmoja mama alipata bati lake, na baada ya mwingine nikaongeza mashine ya pili. Mama alianza kuwaambia wanawake wenzake kisimani kwamba binti yake ana kichwa na anatunza vitu. Aliwasimulia na habari ya Masasi, jinsi nilivyosimama imara mbele ya wanaume nikadai haki yetu. Alijivuna nayo sana habari hiyo.

Wiki mbili baada ya kufungua ilikuja harusi ya binamu yangu, nikakumbuka hereni. Nikaenda stoo, nikafungua lile kopo. Zilikuwa nyeusi tititi, nikadhani si zangu. Nikazisugua kwa kanga, nyeusi. Nikakaa chini palepale juu ya mfuko wa salfa, na nikaelewa kwa mara moja: salfa iliyokula hereni ndiyo iliyokula kadi. Nilizitupa chooni zile hereni, mama asije akaziona.

Kwa nini sikupanda gari siku ileile nikamwambie Fundi? Nimejiuliza sana. Nilisema nitakwenda korosho zikishavunwa. Nilisema nitakwenda mfungo ukiisha. Nilimpelekea kopo la korosho zilizobanguliwa, safi, nyeupe, kila mwaka, kwa mkono wa kondakta, na yeye alirudisha kopo na salamu kwamba zimefika. Mashine zikiharibika nilimtumia kwa gari na kikaratasi, naye akazitengeneza na kuzirudisha kwa gari. Uso kwa uso sikuthubutu. Nilikuwa namtegemea kwa kila kitu na siwezi kumtazama.

Miaka ikaenda. Simu za kugusa zikaja, watoto wakacheza gemu viganjani, chumba changu nikakigeuza duka la vifaa vya shule. Fundi alifunga kibanda, macho yakiwa yamepungua nguvu, akarudi Chiwata kwenye mikorosho yake. Mama akafariki. Alifia mikononi mwangu, chini ya bati lile. Arobaini ilipokwisha nikajua sina tena pa kujifichia, nikapanda gari.

Nilimkuta barazani anapepeta njugu mawe kwenye ungo, viatu vya ngozi miguuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanijua kwa sauti. Akanipa pole ya msiba, akamsifu mama kwa maneno mazuri. Sikuweza kungoja chai. Nikamwambia yote pale pale, stoo, salfa, kopo, hereni, na siku ile kibandani, na kwamba nilijua wiki mbili tu baadaye na nikakaa kimya. Nililia kama mtoto. Yeye aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza.

"Salfa niliisikia," akasema. "Ilikuwa inanuka kama shamba la mikorosho mwezi wa saba."

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alijipaka matope mbele ya wale watu wote. Kwa nini hakusema neno moja tu, salfa, akanyamazisha mdomo wangu.

"Mama yako alikuwa amesimama nyuma yako," akasema. "Yeye salfa anaijua. Ningeitaja, mngerudi Newala na gari moja, na sijui kama mngekuwa mama na mtoto mkishuka." Akatoa njugu moja iliyooza, akaitupa. "Mimi jina lilirudi. Mwaka mmoja, miwili, watu wakachoka kwenda Mtwara."

Nikamshika mkono, nikamwambia asante, neno dogo mno kwa kazi ile, lakini ndilo nililokuwa nalo. Aliuacha mkono wake nilipoushika. Kisha akaniuliza swali moja, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa.

"Alikuja kujua?"

"Hapana, Fundi. Alikufa anawasimulia watu ninavyotunza vitu."

"Alhamdulillahi," akasema Fundi, na uso wake wote ukafunguka kwa furaha.